Kabla ya Kuandika "Nawasilisha kwa Maelekezo"

Mwananchi anayefuatilia cheti, hati au malipo yake huzikariri sentensi mbili mapema sana: bosi hayupo, na bado tunasubiri maelekezo. Mara nyingi jambo analolifuatilia ni dogo, na karani aliye mbele yake anajua kabisa jibu litakuwa lipi. Amekwisha kuona maombi ya namna hiyo mengi mno, na yote yalirudi kutoka kwa mkuu na jibu lile lile. Hata hivyo faili linapanda, linakaa, linashuka. Wengi hapo huona uvivu, au roho mbaya. Mimi naona mtu mzima, mara nyingi msomi, ambaye hajawahi kuambiwa ni uamuzi gani ulio wake, na ambaye amekaa na hali hiyo miaka mingi hadi ameacha kuuliza. Makala haya yanamhusu yeye, na yanamhusu pia muuguzi wa zamu, mtunza stoo, mhudumu wa mapokezi hotelini, dereva wa kampuni, na yeyote anayefanya kazi chini ya msimamizi. Ninalotaka kusema ni kwamba uwezo wa kujiamulia kazini huanza pale mipaka ya uamuzi inapojulikana, na kwamba mfanyakazi mwenyewe anaweza kuanza kuichora mipaka hiyo hata kama mkuu wake hajawahi kulifikiria jambo hilo.

Suala hili linagusa afya kabla halijagusa tija. Huko London, mwaka 1985, watafiti wakiongozwa na daktari Michael Marmot walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali 10,308 wenye umri wa miaka 35 hadi 55, katika utafiti unaojulikana kwa jina la Whitehall II. Hawakuwa wachimba migodi wala vibarua wa bandarini. Walikuwa watu wa ofisini, katika nchi ambayo matibabu yake ya umma hayalipiwi mlangoni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba wale waliokuwa na nafasi ndogo ya kuamua kazi yao ifanyweje walipatwa na maradhi ya moyo zaidi ya wenzao wenye nafasi kubwa, na tofauti hiyo haikuweza kuelezwa yote kwa cheo, sigara au presha. Utafiti wa kufuatilia watu namna hii hauwezi kuthibitisha chanzo kwa uhakika kamili, na ni haki kulisema hilo. Lakini unaitikisa imani iliyoenea kwamba anayeumia moyo ni mkurugenzi mwenye simu tatu mezani. Mwenye simu tatu angalau anachagua aipokee ipi kwanza. Anayeumia zaidi ni yule anayebebeshwa kazi nyingi na kunyimwa neno juu ya mpangilio wake.

Tukija kwenye tija, pingamizi la kwanza huwa hapo hapo: kwetu ukiwaachia watu waamue, wataiba. Hofu hii haikutoka hewani. Ripoti za ukaguzi wa hesabu za umma huipa nguvu kila mwaka. Ndiyo maana ushahidi kutoka nchi zenye shida kama zetu una uzito kuliko ule wa Ulaya. Nchini Nigeria, wachumi Imran Rasul na Daniel Rogger walichunguza miradi zaidi ya 4,700 ya serikali ya shirikisho, visima na mabwawa na mingineyo, wakiilinganisha na namna maofisa walivyosimamiwa. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2018, taasisi zilizowaachia maofisa wake nafasi kubwa ya kujiamulia zilikamilisha miradi mingi zaidi, na zile zilizowabana kwa ufuatiliaji na vishawishi vya malipo zilikamilisha michache zaidi. Mtu anaweza kusema kwamba huenda taasisi nzuri ndizo zinazothubutu kuwaachia watu wake. Basi atazame jimbo la Punjab nchini Pakistan, ambako jambo lilifanywa kama jaribio. Baadhi ya maofisa manunuzi walipewa mamlaka zaidi: fedha kidogo za kutumia papo hapo, na orodha fupi na ya wazi ya nyaraka ambazo mhasibu angeweza kuwadai. Wakanunua kalamu, karatasi na vifaa vingine vya kawaida kwa bei iliyoshuka kwa takriban asilimia 9, na ubora haukupungua. Kilichokuwa kikipandisha bei, kwa sehemu kubwa, ni ofisi ya uidhinishaji yenyewe, iliyokuwa ikichelewesha malipo hadi mwisho wa mwaka wa fedha. Muuzaji anayejua kwamba atalipwa baada ya miezi huweka gharama ya kusubiri ndani ya bei, kama wafanyavyo wazabuni wetu.

Hili halimaanishi kwamba ukaguzi uondolewe. Huko Punjab risiti bado zilidaiwa, na ofisa bado alijua kwamba hesabu zake zitatazamwa. Kilichobadilika ni wakati wa kutazama: uamuzi ulifanywa kwanza na aliye karibu na kazi, ukaguzi ukafuata. Mwizi huvutiwa zaidi na mahali ambapo saini ni nyingi na mwenye jukumu hajulikani. Saini saba kwenye karatasi moja huwafanya watu saba waamini kwamba mwenzao ndiye aliyesoma.

Tanzania iliwahi kujaribu kumpa mfanyakazi sauti kwa ukubwa ambao nchi chache za Afrika zilithubutu. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata ukaja Mwongozo wa TANU, ambao ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi kuwa wajeuri na wanyanyasaji. Wafanyakazi waliuchukua Mwongozo kwa uzito wote. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilizuka kiwanda baada ya kiwanda, mingi ikiwa juu ya dharau za mameneja, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mipira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikichukua kiwanda na kukiendesha wenyewe. Serikali ililikubali hilo, lakini wengine walipotaka kuiga, ikawazuia. Wanahistoria wamebishana sana juu ya kipindi hicho. Somo ninalolichukua mimi ni jembamba: mabaraza yalikuwa ya kushauri, na mameneja walikuwa wengi ndani yake na walishika taarifa zote. Mfanyakazi aliruhusiwa kuongea juu ya mpango wa mwaka wa shirika zima, huku mashine aliyosimama mbele yake kila siku akiwa hana mamlaka ya kuizima inapotoa mlio mbaya. Sauti kubwa ya mara mbili kwa mwaka haiwezi kufidia ukimya wa siku nyingine zote. Mabaraza ya wafanyakazi tuliyonayo leo katika utumishi wa umma yanafaa, na wanaochaguliwa kuingia humo waende wakiwa wamejiandaa, ila uwezo wa kujiamulia ninaouzungumzia hapa haupatikani ukumbini. Uko kwenye meza ya kazi.

Sasa msomaji aliye muuguzi au mhasibu atauliza: kazi yangu imejaa taratibu kuanzia asubuhi hadi jioni, hiyo nafasi ya kuamua itatoka wapi? Hapa ndipo penye utajiri wa jambo lenyewe, maana wengi wetu tunadhani utaratibu na uhuru ni maadui. Chukua Ifakara. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani, pamoja na za London, Seattle, Manila na kwingineko, zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani kati ya 2007 na 2008. Ni orodha ya mambo 19 ya kuthibitisha kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Matokeo ya hospitali zote nane kwa pamoja yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Ukiisoma orodha hiyo utakuta ni utaratibu mkali, hauna mchezo. Lakini ndani yake umo muda ambapo kila aliye chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi yake, na muda ambapo muuguzi huulizwa kuhusu usafi wa vifaa na wasiwasi wowote alionao. Kwa hiyo kanuni ile ile inayombana daktari bingwa asikurupuke ndiyo inayompa muuguzi mdogo haki ya kusema simama. Bila kanuni hiyo angehitaji ujasiri. Ikiwepo, anahitaji tu kuisoma.

Jambo hilo hilo lilijitokeza kiwandani. Kampuni ya General Motors ilifunga kiwanda chake cha magari huko Fremont, California, mwaka 1982, kikiwa na sifa mbaya ya utoro, ulevi na magari mabovu. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale wa zamani na chama chao kile kile. Utoro uliokuwa ukifika mtu mmoja kati ya watano ulishuka hadi asilimia chache, na ubora wa magari ukapanda. Kila mfanyakazi alikuwa na kamba juu ya kichwa chake. Akiona kasoro aliivuta, kiongozi wa kikundi akaja, na kama kasoro haikutatuliwa kwa muda uliopangwa, mstari mzima wa uzalishaji ulisimama. Tena taratibu za kazi hapo zilikuwa za kina kuliko mwanzo, hatua kwa hatua, sekunde kwa sekunde. Tofauti ni kwamba wafanyakazi wenyewe, katika vikundi vyao, ndio waliozipima na kuziandika, na ndio waliokuwa wakizirekebisha. Mtu huheshimu utaratibu alioshiriki kuuandika, na huujua udhaifu wake kuliko mkaguzi yeyote. Kwa hiyo muuguzi au mhasibu asianze kwa kupigana na taratibu. Aanze kwa kuuliza ni wapi ndani yake anaruhusiwa kusimamisha kazi, na ni nani anayesikiliza anaposema kwamba hatua fulani haifai.

Hatua ya kwanza ya vitendo ni kuujua uamuzi ulio wako tayari kwenye karatasi. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi ya ajira yake, na maelezo ya kazi ni sehemu yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka vivyo hivyo. Watu wengi husaini karatasi hiyo siku ya kwanza, wakaifungia kabatini na wasiifungue tena hadi siku ya ugomvi. Itoe uisome ukiwa na kalamu. Utakuta vitenzi: kuratibu, kusimamia, kuidhinisha, kushauri, kuandaa. Kila kimoja kinasema jambo kuhusu mamlaka yako. Kama umeandikiwa kusimamia stoo, basi kumkatalia mtu anayetaka kuchukua mali bila hati ni kazi yako, na huhitaji kumpigia meneja simu kuomba ruhusa ya kukataa. Kama hukupewa maelezo hayo, yaombe kwa barua ya heshima.

Hatua ya pili ni ngumu kidogo, nayo inahitaji wiki mbili au tatu za kujichunguza. Kila unapopeleka jambo kwa mkuu wako, andika pembeni mambo matatu: ulichouliza, jibu ulilolitarajia, na jibu ulilopewa. Baada ya muda huo utaona kwamba maswali mengine majibu yake yanalingana na matarajio yako karibu kila mara, na mengine hayalingani. Hayo ya pili yaache huko juu; mkuu wako anajua kitu ambacho wewe hukijui, na ni vizuri ukijifunze. Hayo ya kwanza ndiyo ya kuombea mamlaka. Usiombe kwa jumla, kwa maneno kama "naomba kuaminiwa zaidi", maana hakuna bosi anayejua afanye nini na ombi la namna hiyo. Omba uamuzi mmoja, wenye kiwango na muda. Mwambie: "Mama, maombi ya likizo fupi za dharura za idara yetu nimekuwa nikikuletea kila wiki na yote umeyakubali. Nikiruhusiwa, yale ya siku moja hadi mbili niyamalize mwenyewe kuanzia Jumatatu, halafu kila Ijumaa nikuletee orodha uione." Ombi kama hilo linampunguzia kazi, linamwachia macho, na linaweza kufutwa bila mtu kuaibika. Ni vigumu kulikataa.

Hatua ya tatu inahusu lugha ya madokezo yetu. Dokezo sabili la kawaida hueleza tatizo kwa kurasa mbili kisha humalizia na "nawasilisha kwa maelekezo". Kwa maneno hayo mwandishi ameurudisha mzigo wote mezani kwa mkubwa, ambaye ana madokezo mengine arobaini na anajua habari za jambo hilo kidogo kuliko aliyeliandika. Jizoeze kumalizia na pendekezo: ninachopendekeza, sababu yake, gharama yake, na athari tukichelewa. Pale ambapo utaratibu wa ofisi unaruhusu, ongeza tarehe utakayoanza utekelezaji iwapo hakutakuwa na maelekezo tofauti. Siyo kila ofisi itakubali sentensi hiyo ya mwisho, na katika mambo ya fedha za umma usiitumie kabisa. Lakini pendekezo lenyewe halikatazwi popote. Mwenye kupendekeza huonekana kuwa anafikiri, hata pendekezo likikataliwa, na kila likikataliwa kwa sababu zilizotajwa anajifunza namna ya kuamua safari nyingine.

Wako watakaosema kwamba wepesi wa kujianzishia mambo ni tabia ya kuzaliwa, mtu anao au hana. Jaribio lililofanywa Lomé, Togo, kwa wafanyabiashara wadogo 1,500, na kuchapishwa mwaka 2017, linaelekea kinyume. Waliofundishwa kujianzishia, yaani kuitangulia shida, kupanga na kung'ang'ana baada ya kushindwa, waliongeza faida kwa takriban asilimia 30. Waliofundishwa hesabu na uendeshaji wa biashara kwa njia ya kawaida hawakupata ongezeko la kueleweka. Wale walikuwa wenye biashara zao na hawakuwa waajiriwa, kwa hiyo nisilivute jaribio hilo mbali kuliko linavyofika. Linaonyesha tu kwamba tabia hiyo hufundishika ukubwani, tena kwa muda mfupi.

Pingamizi linaloniumiza zaidi ni la yule anayesema: mimi nina mkataba wa miezi mitatu, nje ya geti wamejipanga watu wanaoitaka nafasi yangu, nikijifanya kuamua nitafukuzwa. Anasema kweli. Mwenye ajira ya aina hiyo asiambiwe awe jasiri na watu ambao mishahara yao haitikisiki. Ushauri wangu kwake ni kuanzia pale ambapo kujiamulia hakumvui mtu mamlaka yake: mpangilio wa kazi zako mwenyewe ndani ya siku, namna unavyoandika kumbukumbu za zamu, kile unachomwambia anayekupokea. Na katika mambo ya hatari, sheria iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa iliyo karibu, na inamkataza mwajiri kumrudisha mtu mahali hapo wakati hatari ingalipo. Mambo makubwa kuliko hayo yapitie chama cha wafanyakazi. Sheria ya Tanzania ya 2004 niliyoitaja inakiruhusu chama kinachotambuliwa kufunga mkataba na mwajiri wa kuunda chombo cha ushiriki wa wafanyakazi, na ni vyama vichache vinavyoitumia nafasi hiyo kwa bidii inayostahili.

Wengine husema heshima yetu haikubali mdogo aamue mbele ya mkubwa. Lakini hata mtoto anayetumwa dukani huambiwa kwamba kama sukari hii hakuna achukue ile, na chenji ikizidi airudishe. Hakuna anayeona kwamba amemvunjia mama yake heshima kwa kuchagua sukari ya pili. Mdogo huonekana mkosefu anapoamua jambo ambalo hakuachiwa, na ndiyo sababu ninasisitiza mipaka isemwe kwa sauti. Pale inaposemwa, heshima inabaki mahali pake na kazi inakwenda.

Mamlaka pia huhitaji nyenzo. Katika shule 350 za msingi nchini Tanzania, utafiti wa KiuFunza ulipeleka ruzuku kwa baadhi, bonasi za walimu kwa nyingine, na vyote viwili kwa kundi la tatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ruzuku peke yake haikuinua alama za wanafunzi, bonasi peke yake ilitoa matokeo mchanganyiko, na vilipokwenda pamoja ndipo maendeleo yalipoonekana wazi. Unapoomba uamuzi, basi, omba na kile kitakachouwezesha: ufunguo, nywila, kiasi kidogo cha fedha, au haki ya kuona taarifa ambazo kwa sasa anaziona mkuu peke yake. Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa kumruhusu kila mfanyakazi kutumia hadi dola 2,000 kumtatulia mgeni shida bila kuuliza. Hoteli ya Zanzibar au Mombasa inaweza kuweka kiwango kidogo sana kuliko hicho, na mhudumu wa mapokezi bado akaweza kumaliza malalamiko ya kiyoyozi saa nne za usiku bila kumwamsha meneja.

Kwa mameneja nina ombi moja tu, na linahusu kosa la kwanza. Litakuja. Mfanyakazi uliyemwachia uamuzi ataidhinisha kitu kisichofaa, na idara nzima itakuwa inakutazama wewe. Ukimwandikia barua ya kujieleza kabla hujamsikiliza, kuanzia kesho madokezo yote yatarudi mezani kwako, hata yale ya wembe na sabuni, na huenda ukasubiri miaka kabla mtu mwingine hajathubutu. Kaa naye, mpitie pamoja alichokijua wakati ule na alichokosa kukijua, halafu kama ni lazima mpunguze kiwango, usiuondoe uamuzi wote. Naye mfanyakazi ana wajibu wake hapo: taarifa ya kosa itoke kinywani mwake, siku hiyo hiyo, mkuu asiisikie kwa mteja wala kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Miezi mitatu ikipita, chukueni ile orodha ya Ijumaa mkae nayo nusu saa. Uamuzi uliokwenda vizuri uongezewe kiwango, uliosumbua urudi juu, na mapatano hayo yaandikwe kwenye faili, ili mkuu mpya akiletwa asianze upya kuidhinisha wembe na sabuni.